Mgeni wa Dirishani

Nilimuuliza mbele ya sinia, na ningemuuliza tena leo hii. Wali wa nazi uko katikati, mchuzi wa samaki unafuka, mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ameshasema bismillahi, na mgeni ameketi pale dirishani akitupa mgongo kama ilivyo desturi yake. Nikarudisha tonge kwenye sinia nikasema, kwa sauti iliyovuka ukuta hadi kwa jirani:

"Wewe mama, ni nani wewe? Na ni wa nani?"

Mavyaa alishika kifua. "Una nini yeo? Mgeni huulizwa hivo?"

Haulizwi, na mimi najua. Kwetu Amu, yaani Lamu, mtu akipiga hodi akaitikiwa karibu, ataingia, atapewa maji, atapewa kahawa, atapikiwa, na kama ana la kusema atalisema mwenyewe akishashiba. Kumuuliza ni nani na ameshaketi kwako ni sawa na kumwonyesha mlango. Nimelelewa hivyo tangu Matondoni nilikozaliwa, na nimeolewa mjini katika nyumba inayoyashika mambo hayo kuliko kwetu. Basi usidhani nilipitiwa. Nilikuwa nimechoka kuwa na adabu. Nyuma ya mlango nilikuta mkoba wa shule wa mwanangu umejazwa nguo zake, viatu, chanuo, hata mto wake mdogo, zipu imefungwa, tayari kwa safari ambayo mimi mama yake sikuambiwa.

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya sikuyaota wala sikusimuliwa na mtu. Yalitokea nyumbani kwangu mchana kweupe, na aliyekuwa achukuliwe ni Swafiya, mtoto wangu wa pekee, mwenye umri wa kuanza kubadilisha meno.

Lazima nianzie kwenye gemu. Najua wapo watakaoona aibu kwa niaba yangu. Mke wa mtu, mama wa mtoto, anacheza gemu? Ndiyo, anacheza. Wanaume wanakaa barazani wakicheza keramu tangu alasiri mpaka adhana, hakuna anayewauliza wameacha nini nyumbani.

Gemu yenyewe aliileta kaka yangu Athman nilipokuwa sekondari, kwenye laptopu yake ya chuo. Si ya kupigana. Kuna msichana mdogo, mweusi mtupu kama kivuli, ameshika taa. Mji ni wa mawe, umeingia maji, hauna watu. Unamtoa kushoto unampeleka kulia, anaruka mashimo, anapanda ngazi, anasukuma makasha apate pa kukanyaga. Hakuna neno linalosemwa tangu mwanzo. Hadithi unaiokota kwa macho: kitanda kisichotandikwa, sahani mbili mezani, kiatu kimoja mlangoni. Na ukishavuka chumba, mlango unajifunga nyuma yako. Hakuna kurudi. Iliundwa na watu wawili watatu tu huko mbali, wala si kampuni kubwa, na labda ndiyo maana ilikuwa haifanani na nyingine. Jina lake silitaji. Sitaki kuwafanyia biashara.

Karibu na mwisho kuna chumba kirefu chenye dirisha, na dirishani ameketi mwanamke juu ya kigoda, amekupa mgongo. Mikono yake inakwenda pajani, anafanya kitu usichokiona. Mikono ikienda, nawe unaweza kwenda. Mikono ikisimama, usimame hapo hapo ulipo, hata kama mguu uko hewani. Ukisogea tu, shingo yake inaanza kugeuka, skrini inakuwa nyeusi, unaanza upya. Mimi na Athman tulikesha na chumba kile likizo nzima. Tukampita mara moja tu, laptopu ikazimika, na kesho yake Athman akarudi chuoni nayo. Mwisho wa gemu sikuuona.

Sasa Athman ni fundi wa kompyuta Mombasa. Alipokuja mara ya mwisho kutuona aliniachia laptopu ile kuukuu. "Gemu yako imo," akanambia. "Usije ukamwacha mume."

Mume mwenyewe, Salim, hayuko wa kuachwa. Anafanya kazi kwenye hoteli moja ya wageni huko Kiwayu, na huja akipewa ruhusa. Nyumbani ni mimi, Swafiya na mavyaa, Bi Khadija. Basi alasiri moja Swafiya yuko madrasa, mavyaa amejinyoosha, nikafungua laptopu.

Niamini, vidole havisahau. Nilijua wapi pa kuruka na wapi pa kungoja. Lakini macho yalikuwa ya mtu mwingine. Nilipokuwa msichana nilimwona yule mtoto wa taa shujaa. Safari hii nilikasirika. Nani amemwacha mtoto mdogo hivi atoke peke yake? Zile sahani mbili ni za nani? Mama yake yuko wapi, na kwa nini hakuna anayemtafuta? Nilikuwa nikibonyeza huku nagomba peke yangu.

Nikafika chumba cha dirisha. Kigoda kiko. Mwanamke hayuko.

Na mlango wa mbele, ule ambao haufunguki mpaka umpite, ulikuwa wazi.

Nikamtumia Athman ujumbe kwamba yule mama wa dirishani ametoweka. Akanijibu kwa sauti, anacheka: "Huyo hatoweki. Gemu imeharibika tu. Izime uiwashe." Sikuwahi hata kuizima. Nilisikia hodi mlangoni, na kabla sijanyanyuka nikamsikia Swafiya, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka madrasa, akiitikia kwa sauti yake ndogo: "Karibu."

Aliyeingia ni mwanamke mrefu, buibui la ushungi wa zamani limemfunika mpaka puani. Alinuka kama chumba kilichofungwa masika yote. Hakunishika mkono. Alinipita kama mtu anayeijua nyumba, akavuka ua, akaingia kwenye msana, kile chumba chetu kirefu cha kwanza, akavuta kigoda mpaka dirishani, akaketi akitazama nje. Mavyaa akatoka na usingizi wake, akamwona, akasema karibu karibu, akanikonyeza nilete kahawa. Jikoni akanambia, "Mtengezee vizuri. Asende akasema kwao tumemdharau."

Nikaelewa kwamba huyu ni shangazi yake Salim, yule wa Mbwajumali ambaye sijawahi kumwona, kwa kuwa hakuhudhuria harusi yetu. Kama si hivyo, kwa nini mavyaa amwogope? Na mavyaa, kama nilivyokuja kujua baadaye, alipoona nimempisha mgeni apite bila kumuuliza neno, alielewa kwamba huyu ni wa kwetu Matondoni, dada mkubwa wa mama yangu. Kila mmoja akamtunza kwa ajili ya mwenzake. Sisi ni watu wa adabu, unaona?

Akakaa. Siku zikapita, naye yuko. Usiku analala wapi? Mimi nilidhani analala ndani kwa mavyaa. Mavyaa alidhani analala kwangu na Swafiya. Anakula nini? Sahani yake tuliipeleka pale dirishani na tukaikuta imesogezwa, na hakuna aliyekuwa na ufidhuli wa kuchungulia imepungua kiasi gani.

Mwanzoni nilimshuku kwa mambo ya kawaida. Nilishuku amekuja kumtafutia Salim mke wa pili. Nilishuku mavyaa anajua na ananificha. Nikawa namsikiliza mavyaa akiongea na simu, nikawa napekua macho yake akinipa chumvi. Siku moja nikampigia Salim. Huko Kiwayu mtandao ni wa kuombea dua.

"Shangazi yako wa Mbwajumali yuko hapa," nikamwambia.

"Shangazi Mwanamkuu? Mashallah. Kaletwa na nani? Si amekwisha kupofuka yule?"

Simu ikakatika.

Kupofuka? Huyu wa kwetu anashona kofia kutwa nzima. Nilikuwa nimeona kitambaa cheupe pajani pake na mkono unaopanda na kushuka, na mavyaa, ambaye macho yake si mazima, alikuwa akimsifu: "Tizama mkono huo. Kofia hizo zamani ndizo." Nikachukua ufagio, nikajifanya nafagia, nikapita ubavuni mwake. Sindano ilikuwa inaingia na kutoka, inaingia na kutoka. Haikuwa na uzi. Kile kitambaa kilikuwa matundu matupu.

Nilishuka uani nikanywa maji. Nilitaka kumwambia mavyaa, lakini nimwambie nini? Mgeni wako ana sindano isiyo na uzi? Angenijibu nimtafutie uzi.

Tena kulikuwa na kutembea kwake. Nyumba yetu ni kama nyumba nyingi za mji mkongwe: mbele kuna daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza, halafu ua, halafu msana wa kwanza, halafu wa pili, halafu ndani kabisa, na kutoka ndani kuna ngazi inayopanda jikoni juu ya dari. Nilimwona akipita kwenda ndani. Nilimwona akipanda dari. Sikumwona hata mara moja akirudi. Tulisikia tu hodi kule mbele, Swafiya akaitikia karibu, na mama huyo akaingia tena na kuketi. Mavyaa aliona jambo jepesi: dari zetu zimeshikana, wanawake huvuka kwenda kwa majirani, basi naye huvuka na kuzunguka. Nikawauliza majirani kijanja. Hakuna aliyevukiwa.

Lakini kilichonitia baridi ni Swafiya. Shule zilikuwa zimefungwa, kutwa yuko pale miguuni pa mgeni. Siku moja nikamwona anakuja kwangu na kikombe, akasimama ghafla katikati ya msana, mguu mmoja umeinuliwa, hatikisiki.

"Mbona wasimama?"

Hata kope hakupepesa. Kisha akashusha mguu, akaja, akanipa kikombe.

"Bibi alisimamisha mikono," akasema. "Akisimamisha mikono usende."

Unajua mtu anapokumbuka kitu kwa tumbo kabla ya kichwa? Nilijua pale pale nimeuona wapi mgongo ule.

Asubuhi iliyofuata mavyaa alikwenda sokoni na Swafiya. Mgeni alikuwa dirishani. Nikapanda juu na laptopu, nikajifungia chumba cha kuni kando ya jiko, nikaiwasha gemu pale nilipoiachia. Kigoda bado kitupu. Mlango bado wazi. Nikamvusha yule mtoto, nikaendelea mbele kule nisikowahi kufika.

Sikusumbuka. Hakuna shimo, hakuna ngazi, ni kutembea tu kulia, asubuhi nzima, na maji yamekauka. Mwishoni kuna chumba, dirisha na kigoda. Mtoto akaenda mwenyewe, mimi sijabonyeza kitu. Akaweka taa chini. Akapanda kigodani, akaketi akinipa mgongo. Kutoka pembeni mwa skrini ukaingia mkono wa mtu mzima, ukaichukua ile taa, ukaondoka nayo. Na mikono ya mtoto, pale pajani, ikaanza kwenda.

Hapo gemu ikaisha. Majina ya waliounda yakaanza kupanda na sikuyasoma.

Kumbe yule mwanamke naye alikuwa mtoto wa mtu, akaketishwa, akakua pale pale dirishani akingoja wa kumpokea. Nilishuka ngazi mbili mbili. Mavyaa alikuwa amesharudi, chakula kimeshapakuliwa, Swafiya anaosha mikono. Nilipouvuta mlango wa msana, nyuma yake nikaona mkoba wa shule. Nikafungua zipu.

Ndipo nikaketi mbele ya sinia nikauliza lile swali.

"Una nini yeo?" mavyaa akasema. "Mgeni huulizwa hivo? Mamako mkubwa huyu."

"Mama mkubwa wa nani?"

"Wako wewe. Wa Matondoni."

"Mama, mimi sina mama mkubwa Matondoni. Mama yangu ndiye mkubwa wao. Huyu si shangazi yake Salim?"

"Mwanamkuu?" Mavyaa akanitazama kama mimi ndiye mpofu. "Mwanamkuu haoni mato. Na hata akiona, namjua, ni wifi yangu, nimekaa naye miaka yote. Huyu si Mwanamkuu."

"Basi huu mkoba nani kaufunga?"

"Mimi. Ameniambia umempa ruhusa. Yuaenda naye kwao kidogo, shule zikifunguliwa amrudishe." Akaliweka tonge chini. "Si umempa ruhusa?"

"Sikumpa mtu ruhusa."

Tukageuka sote wawili tukatazama dirishani. Mikono ilikuwa imesimama.

Swafiya alikuwa na tonge nusu ya njia kwenda mdomoni. Likabaki pale pale. Nzi akatua kwenye kidole chake asimfukuze. Na mimi, wallahi, niliganda, maana mwili wangu uliijua sheria ile tangu sekondari. Nilisikia mfupa wa shingo ya mgeni ukilia, taratibu, kama mlango mzito unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha watu.

Ukiniuliza nilifikiri nini, sikufikiri dua wala sikufikiri kisu. Nilifikiri hivi: kwenye ile gemu hakuna kurudi. Huyu hajarudi hata mara moja. Hajui kurudi.

Nikamkumbatia Swafiya, nikamfunika uso kifuani mwangu, nikainuka, nikaanza kurudi kinyumenyume. Nikamvuta mavyaa kwa ushungi wake.

"Rudi nyuma, Mama. Tulikotoka. Rudi tu."

"Goti langu..."

"Goti utaliuguza barazani. Rudi."

Tulitoka msanani kinyumenyume kama punda wenye mizigo waliokutana katika kichochoro. Nikavuta milango miwili ya msana, nikatia komeo. Ndani tukamsikia. Hakuja kwetu. Nyayo zilikwenda mbele, msana wa pili, halafu ndani, halafu ngazi, halafu dari juu ya vichwa vyetu, bila haraka yoyote, zikavuka, zikaisha.

Mavyaa akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, ameondoka."

Mimi nilikuwa naangalia mlango wa barabarani. Niliujua mzunguko wake.

"Hodi."

Ilikuwa sauti nzuri, niseme ukweli, sauti ya mtu wa heshima. Nikahisi Swafiya anavuta pumzi kifuani mwangu kuitikia, kama alivyoitikia siku zote hizo. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Mavyaa naye midomo ilikuwa imeshafunguka. Huyu ni mwanamke ambaye tangu azaliwe hajawahi kusikia hodi akanyamaza. Nikamkanyaga mguu.

"Hodi."

Machozi yalikuwa yanamtoka mavyaa kwa aibu, si kwa woga. Ningeapa hivyo.

"Hodi."

Ya tatu. Ukipiga hodi tatu usiitikiwe, unarudi ulikotoka. Kila mtoto wa Amu anafundishwa hivyo, na kumbe naye alifundishwa na mtu. Tulisikia buibui likiburuzika ukutani, likaenda na kichochoro, likapotea. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliyorudi.

Sahani yake tuliikuta wali umelala sawasawa kama ulivyopakuliwa, hata alama ya kidole haina. Kofia haikuwepo. Kigoda mavyaa alikitia moto mwenyewe, jikoni, akapikia uji.

Usifikiri kwamba yaliisha. Swafiya mpaka leo anaweza kuwa anakimbia na wenziwe akasimama ghafla, mguu hewani, na wenziwe wanacheka wakidhani ni mchezo. Mimi sicheki. Nahesabu mpaka ashushe mguu. Mavyaa naye amegeuka mtu mwingine. Sasa hakuna anayevuka daka letu bila kuulizwa ni nani, mwana wa nani, na kaja kwa nani. Juzi alimuuliza mke wa imamu, aliyesoma naye madrasa moja. Mji mzima unasema mimi ndiye niliyemharibu.

Na gemu? Athman alinambia niifute. Nilikataa. Jioni ile ile nilipoifungua, mwanamke alikuwa amerudi dirishani, mgongo ule ule, mikono inakwenda. Pembeni yake palikuwa na kigoda cha pili, kidogo, ambacho sikuwahi kukiona, na hakuna mtu juu yake. Bora niwe namwona alipo kuliko nisimwone. Basi kila asubuhi, kabla ya chai, naifungua, nakwenda mpaka chumba kile, nahakikisha ameketi, naifunga. Wengine hutazama kama mlango wa nyumba umefungwa. Mimi hutazama hiyo.

Wiki hii nilifungua. Vigoda viwili vitupu. Hata sikunywa chai. Nilimfungia Swafiya ndani na bibi yake, nikavaa buibui nikaenda ofisi ya chifu, maana nyumbani tungeweza kumfungia mlango asiingie, lakini huyu mtoto anakwenda shule, anakwenda madrasa, anatumwa dukani.

Karani wa pale ni kijana wa bara, mpole, hajakaa sana huku. Nikamwambia nimekuja kuandikisha malalamiko juu ya mwanamke anayetaka kumchukua mtoto wangu. Akanitazama vizuri.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mama Swafiya, si ndiyo? Kuna shosho alikuwa hapa saa hii tu. Anasema ni shangazi ya mtoto na mnamfungia mlango. Anataka barua ya chifu asafiri na yeye."

"Mkampa?"

"Chifu hayuko, ako mkutano. Nimemwambia arudi mchana."

"Yukoje, huyo shosho, huyo bibi unayemsema? Sura yake."

Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Si unajua... alikuwa ameketi hapo kwa benchi. Alikuwa ameangalia nje dirishani. Sura sikuiona vizuri. Alikuwa anashona."

Nikaomba karatasi. Akanipa na kalamu yake. Nawaambia nanyi, mama wenzangu, adabu tutaendelea nayo, lakini mgeni akishaketi muulizane ninyi kwa ninyi ni wa nani, kabla hamjampikia. Nilichokiandika ni hiki, na nakala yenye muhuri ninayo:

Kwa Chifu.

KUH: MWANAMKE ASIYEJULIKANA ANAYETAKA KUMCHUKUA MWANANGU

Mimi ni mama mzazi wa Swafiya. Nalalamika rasmi juu ya mwanamke aliyeingia nyumbani kwetu kwa hodi na karibu, akakaa siku kadhaa kwa kujifanya jamaa wa pande zote mbili, akafungisha nguo za mtoto kwa uongo kwamba nimetoa ruhusa. Jina lake silijui kwa sababu hatukumuuliza. Anapoishi napajua na niko tayari kukuonyesha, ila ulete macho ya subira, na ukiona mikono yake imesimama usisogee.

Si shangazi wa mtoto. Shangazi anayemsingizia ni wa baba yake mtoto, haoni, na yuko kwao. Si dada wa mama yangu. Mama yangu ndiye mkubwa. Mtoto ana mama, na mama ni mimi, na sijampa mtu.

Naomba ofisi yako isimwandikie barua mtu yeyote juu ya Swafiya bila mimi kuwepo, na bila mtu huyo kuonyesha uso. Naomba pia mkisikia hodi ofisini, muulize nani kabla ya kusema karibu.

Nimeambiwa atarudi mchana. Kama unaisoma barua hii na kuna mtu ameketi kwenye benchi la dirishani, usimwite ageuke. Toka kinyumenyume, ufunge mlango, kisha nipigie simu nijue nianzie wapi kumtafuta mwanangu, au nijue kwamba bado ninaye.